Choo cha ukutani, Nkuhungu, Dodoma: shajara ya bafu la mama

Juni, mwanzoni

Bafu la chumba cha mama linafumuliwa lote. Marumaru zimeachana na sakafu, ukizigonga zinalia wazi, na sinki la choo limelegea kwenye kitako. Kila tukipiga deki maji yanapenya chini yake, na harufu haiishi hata umwage dawa gani.

Mama amehamia kwetu kutoka Kondoa na magoti yake hayamtaki tena. Choo kilichopo ni kifupi. Akitaka kuinuka anashika sinki la kunawia, nalo limeanza kuachia ukuta.

Mume wangu anataka choo cha ukutani, kile ambacho sinki lake linaning'inia ukutani bila kugusa sakafu, kwa sababu kinapendeza. Mimi nakitaka kwa sababu urefu wake unaupanga mwenyewe, na chini yake fagio na deki vinapita bila kizuizi. Fundi bomba hakitaki kabisa. "Dada, hicho cha hotelini. Tangi limo ndani ya ukuta. Siku likigoma utaniita nivunje marumaru zako, halafu lawama kwangu."

Naiandika hoja yake hapa mwanzoni kwa sababu ina uzito kuliko hoja zetu sisi wawili. Hatununui kabla haijajibiwa.

Juni, wiki ya pili: ukuta upi?

Bafu lina mita 1.5 kwa 2.4. Choo cha zamani kiliwekwa na mwenye nyumba wa kwanza kwenye ukuta wa kaskazini, kwa hiyo anayekaa anaipa kibla mgongo, jambo ambalo sisi Waislamu huliepuka chooni. Kwa hapa Dodoma kibla ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo tu. Mama hajawahi kulalamika, ila nimekuja kujua kwamba siku zote hizi amekuwa akikaa upandeupande. Basi ukuta wa kaskazini umetoka, na wa kusini una mlango. Tumebaki na wa magharibi, ambao ni wa nje, na chemba ya majitaka iko nyuma yake, kama mita tatu hivi. Sioni haja ya kutafuta zaidi.

Sasa nafasi. Wauzaji wote wanakwambia choo cha ukutani kinaokoa nafasi. Nimepima na kwa nyumba ya tofali maneno hayo yana walakini. Kwenye nyumba za wenzetu zenye kuta za mbao na jipsamu, fremu, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba sinki na tangi, inazama katikati ya ukuta. Yetu ni tofali za sementi za inchi 5, na fundi ujenzi amekataa katakata kuuchimba ukuta wa nje uliobeba paa ili fremu izame. Sina ubishi naye. Kwa hiyo fremu inasimama mbele ya ukuta, halafu inajengewa ukuta mfupi wa kuifunika, jumla sentimita 18. Ongeza sinki la kawaida la sentimita 54, unapata 72. Choo cha zamani pamoja na tangi lake la mgongoni kinatokeza 68! Tungepoteza nafasi.

Dawa yake ni sinki fupi. Yapo ya sentimita 48 au 49. Kwa 49 tunafika 67, yaani tumeokoa sentimita moja. Anayenunua choo hiki kwa ajili ya nafasi apige hesabu hii kwanza.

Tulichopata cha ziada ni kibao juu ya ukuta mfupi, upana wa sentimita 18, mahali pa kuweka birika la udhu na taa ya dharura.

Juni: urefu

Fundi alitaka kuweka urefu "wa kawaida". Nikamwomba asubiri. Tulimkalisha mama kwenye benchi la jikoni uani, tukawa tunaongeza vipande vya marumaru chini ya miguu ya benchi, kimoja kimoja, na kila mara anainuka bila kushika kitu. Kwenye sentimita 42 alitanguliza mikono. Kwenye 44 akasaidiwa na goti moja. Kwenye 46 aliinuka huku anaongea na jirani ng'ambo ya uzio, wala hakuona kama ameinuka. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, hazining'inii. Hilo ni la kuangalia, maana ukipitiliza miguu inakufa ganzi.

Basi ni 46 juu ya kikalio. Kikalio kina unene wa sentimita 3, kwa hiyo ukingo wa sinki lenyewe uwe 43 kutoka kwenye sakafu iliyokwisha kuwekwa marumaru. Fundi ameandika 43 kwa penseli ukutani na kuizungushia duara. Wajukuu watawekewa kigoda.

Mwisho wa Juni: kununua

Tulianza mjini. Madukani masinki ya ukutani yapo, mengine mazuri tu, yametundikwa kwenye mbao za maonyesho. Ukiuliza fremu na tangi unaambiwa vitaagizwa. Duka moja lilikuwa na fremu isiyo na jina, bei nzuri. Nikaomba kipuri cha mpira wa chini wa tangi hilo, wakanitazama kama niliyeomba mwezi.

Nilijifunza jambo moja ambalo limebadilisha bajeti yote. Sinki la choo cha ukutani halina ndoa na fremu. Boliti mbili za kulibeba zimeachana sentimita 18 katika masinki mengi ya siku hizi, mengine 23, na fremu nzuri zina matundu ya vipimo vyote viwili. Kwa hiyo sinki likipasuka baada ya miaka kumi unanunua la kampuni yoyote, unafunga. Tangi haliko hivyo. Kibao cha kubonyeza, vali ya kuingiza maji, vali ya kuachia maji, vyote ni vya kampuni yake na haviingiliani na vya mwingine. Kosa tangi, na umekosa kila kitu kilicho nyuma ya marumaru. Tukageuza hesabu: pesa nyingi ziende kwenye kisichoonekana, sinki liwe la wastani.

Nilipanda SGR kwenda Dar, nikaingia Kariakoo na futi mkobani. Majina ya fremu niliyokuwa nayo ni Geberit, Grohe na TECE, yote ya Ulaya, na ya Kichina yapo tele. Nilichowaomba wauzaji ni jaribio moja: bandua kibao, ingiza mkono mmoja, toa vali zote mbili, zirudishe. Bila kuvunja wala kufungua kingine.

Muuzaji wa kwanza alisema haiwezekani, na kwa fremu yake ilikuwa kweli. Wa pili alikuwa kijana mwenye subira. Aliegemeza fremu kwenye kaunta, akabandua kibao, akatoa kinga ya ndani, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Vali ya maji ilitoka pamoja na boya lake. Kisha akazungusha ile ya katikati, ikatoka vipande viwili, na chini yake mpira mweusi wa duara. "Huu ndio unaokula watu, dada. Kwenu maji si magumu?" Akatoa mpira kama huo kwenye droo, umefungwa kwenye karatasi yake. Hapo ndipo niliponunua.

Tumechukua fremu ya Geberit ya sentimita 112 na kibao chake. Kwa wanaosema ni mambo mapya: kampuni hiyo ya Uswisi imekuwa ikitengeneza matangi ya ndani ya ukuta tangu 1964. Kibao tumechagua cha kusukuma kwa vijiti, si cha upepo, kwa sababu fundi anaweza kukielewa kwa kukitazama.

Sinki tulinunua duka jingine kabisa, lile lisilo na ukingo wa ndani wa kuficha uchafu. Kabla ya kulipa niliingiza vidole kwenye njia ya kutokea uchafu. La kwanza lilikuwa na ukavu na ukwaruzo ndani, yaani rangi ya kung'aa imeishia pale macho yanapofika. La pili lilikuwa laini mpaka vidole vilipoishia. Tofauti ya bei haikuwa kubwa. Kikalio kiwe na umbo la yai la kawaida, maana yale ya pembe kali ukivunja moja unahangaika kupata la kufanana.

Mzigo ulikuja kwa lori, kilomita kama 450, sinki limefungwa kwenye magodoro ya sponji. Limefika salama.

Julai, mwanzoni: bomba la chini

Marumaru za zamani zimetoka zote. Jamvi la zege lililo chini yake lipo imara, tumeligonga kila mahali.

Njia ya majitaka ilileta mjadala. Fundi alipendekeza bomba litoke moja kwa moja ukutani na kushukia nje hadi chemba, kazi ya asubuhi moja. Nilikataa kwa sababu ya jua. Jua hili la Dodoma likilipiga bomba la plastiki mwaka mzima linakauka na kuwa jepesi kuvunjika, na watoto wanacheza mpira huko nyuma. Basi bomba linashuka ndani ya ukuta mfupi, linapita chini ya jamvi, linaibukia chemba. Ni la inchi 4, mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita, na mwisho wa mshuko kona mbili za nyuzi 45 badala ya kona moja kali.

Mteremko nimeusimamia mwenyewe nikiwa na pimamaji, kwa sababu tangi hili linaachia lita 6 au 3, wakati la zamani lilikuwa la lita 9. Maji machache hayasamehe bomba lililolala.

Julai, katikati: fremu

Shemeji amepita kutazama, akaning'iniza macho kwenye zile boliti mbili na kuuliza kama baba mdogo akija Idi atakalia kitu hicho. Baba mdogo ni mtu wa kilo 130. Kiwango cha Ulaya, EN 997, kinataka choo cha ukutani kibebe kilo 400 kwa saa nzima bila kupasuka wala kung'oka. Uzito haubebwi na marumaru wala na ule ukuta mfupi. Unabebwa na miguu ya fremu iliyofungwa kwenye jamvi, na mikono miwili ya juu iliyofungwa kwenye ukuta wa nyuma.

Kwa hiyo kazi yote ni kwenye zile sehemu nne. Miguu imefungwa kwenye zege lenyewe. Ile sementi laini ya juu tumeikata kwa grainda kwanza. Mikono ya juu ilisumbua: tofali za ukuta wetu ni za kufyatua uani, na drili ilipoingia upande wa kushoto vumbi lilitoka kama unga wa muhogo. Fundi ujenzi alitoa tofali mbili, akamwaga zege na nondo fupi, tukaacha likomae kwa wiki moja ndipo boliti ikaingia. Upande wa kulia ulikuwa salama.

Kuna fundi mwingine wa jirani aliyesema fremu ni kupoteza fedha, unatoboa ukuta, unapitisha boliti mbili, unaweka sinki. Kwa ukuta wa inchi 5 unaotoa unga, asante.

Fremu ina alama ya mita moja pembeni, inayopimwa kutoka sakafu iliyokamilika. Kwa sinki letu tumeipandisha sentimita 3 juu ya alama ili tupate ile 43 ya penseli. Tumehesabu marumaru na gundi yake kwanza, sentimita 1.5.

Maji: bomba la nusu inchi linaingia tangini kwa juu, na koki yake ndogo imo ndani, inafikiwa kupitia kibao. Kabla yake tumeweka njia panda ya mpira wa kujitawazia, wenye koki yake peke yake upande wa kulia, ili mpira usibaki na mgandamizo usiku kucha.

Mgandamizo wenyewe ulimtia fundi wasiwasi, maana simtanki letu liko kwenye mnara wa mita 3 tu. Mita 3 ni kama bar 0.3, na vali hii inaanza kufanya kazi kwenye 0.1. Kuflashi kwenyewe hakutegemei mnara, kunategemea maji yaliyokwishajaa tangini. Kujaa tu ndiko kunakochukua muda.

Julai, mwishoni: kabla ya kuziba

Tumejaza tangi, tukaachia maji mara nyingi kwenye ndoo na kwenye bomba. Fundi amefunga karatasi ya chooni kila kiungo, tukalala nayo. Asubuhi karatasi moja ilikuwa na unyevu, ya kiungo cha njia panda. Kimekazwa, tumelala tena, zote kavu.

Halafu picha. Nimepiga kila upande futi ikiwa imenyooshwa ukutani, kutoka kona ya kulia na kutoka sakafuni, ili siku tukitaka kutoboa tundu la kishikio cha mama tujue bomba liko wapi. Kishikio chenyewe tumekiandalia: kipande cha zege pande zote mbili za fremu, kimo cha sentimita 75.

Ukuta mfupi umejengwa. Kile kisanduku cha sponji cha kulinda uwazi wa tangi kimebaki mahali pake, na nimewaonya mafundi marumaru wasikitoe hata kwa dakika moja, maana gundi ikidondokea tangini imekwisha.

Agosti: marumaru na sinki

Marumaru hazina habari kubwa. Nyeupe ukutani, kijivu yenye kukwaruza sakafuni.

Sinki tulilisubirisha wiki mbili gundi ikauke. Mume wangu alikuwa anahesabu siku kama mtoto wa Idi, mimi nilishika ufunguo wa chumba. Ukikaza boliti kwenye marumaru ambazo gundi haijakomaa zinapasuka, na huwezi kubadilisha moja bila kutoa sinki.

Siku ya kufunga ilikuwa ya kutazama. Mabomba mawili mafupi yanatoka ukutani, la maji juu na la uchafu chini, na yote huja marefu kwa makusudi. Fundi alichomeka kila moja mpaka mwisho, akaweka alama usawa wa marumaru, akayachomoa. Akapima upande wa sinki kwa ncha ya futi, akajumlisha kwenye kiganja chake kwa kalamu, akakata kwa msumeno wa chuma, akalainisha kingo kwa msasa. Sabuni ya maji kwenye mipira, kisha watu wawili wakainua sinki na kulisukuma kwenye boliti. Liliingia kwa mlio mmoja laini. Kati ya sinki na marumaru kuna ngozi ya sponji, na nati zilikazwa kwa zamu, robo mzunguko kushoto, robo kulia. Alipofika mahali pa kukaza kwa nguvu, akaacha. "Hapa ndipo watu wanapasua," akasema.

Silikoni imewekwa juu na pembeni. Chini tumeacha wazi. Kiungo kikivuja nyuma, nataka maji yaonekane sakafuni siku hiyohiyo.

Shemeji alikuwa wa kwanza kukalia, kwa heshima ya baba mdogo.

Septemba: matumizi, na maji yetu

Mama anainuka bila kushika kitu. Kishikio kimefungwa hata hivyo.

Hesabu ya maji: tuko watano. Tuseme kila mtu anaflashi mara tano kwa siku, mara moja kubwa. Kwa tangi la lita 9 hizo ni lita 225. Kwa lita 6 na 3 ni 90. Siku za mgao, kwenye simtanki la lita 1,000 tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Mama ilibidi afundishwe kitufe kidogo na kikubwa. Wajukuu wanabonyeza vyote kwa pamoja.

Kinachonishughulisha ni chokaa. Mji huu unategemea sana visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni maji magumu. Tazama ndani ya birika lolote la Dodoma. Ukoko uleule mweupe unakaa kwenye mpira wa tangi, mpira unashindwa kuziba sawasawa, na maji yanaanza kutiririka nyuzi nyembamba sinkini mchana na usiku. Ndiyo maana yule kijana wa Kariakoo aliuliza aliyouliza.

Nimeweka chujio kwenye bomba linalotoka simtanki, la kuzuia mchanga na magamba. Chokaa iliyoyeyuka haliizuii, hiyo inahitaji mkono. Leo tumefungua kibao kwa mara ya kwanza, fundi na mimi, ili nami niweze. Koki imefungwa, vali ya katikati imetoka. Mpira una utando mweupe mwembamba, bado haujakaza. Tumeuloweka kwenye siki wakati tunakunywa chai, ukasuguliwa kwa kidole, ukarudi. Kazi nzima haikumaliza birika la chai. Mpira wa akiba upo kabatini na jina lake limeandikwa. Nitaufungua tena kabla ya mvua za Desemba, nione ukoko unakua kwa kasi gani, ndipo nipange ratiba.

Kujua kama unavuja si lazima kufungua: kausha mgongo wa sinki, bandika kipande cha karatasi ya chooni pale maji yanaposhukia, rudi asubuhi.

Septemba, mwishoni

Mume wangu anataka na bafu la watoto liwe hivihivi. Nimepima: ukuta wake ni wa kati ya vyumba viwili, chemba iko upande wa pili wa nyumba, na upana ni mita 1.2 tu. Tukitoa sentimita 67 tunabaki na 53 za kupitisha magoti na mlango. Pale kitabaki choo cha kusimama sakafuni, kipya, cha lita 6 na 3.

Fundi bomba amepata kazi Iyumbu, nyumba ya mtu anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, naye anataka cha ukutani. Amekuja jioni kuomba picha zangu zenye futi. Nimemtumia zote, pamoja na ile ya tofali lililotoa unga, na nimemwambia amuulize mteja kama ameshanunua fremu au bado.